Mkuyuni: Likizo kati ya mawe, pimbi na ziwa la kutazama

Jua linapoyagusa mawe ya juu ya Mkuyuni asubuhi, wa kwanza kutoka nje si watu. Ni mijusi. Dume hutangulia, kichwa na mabega vyekundu kama vilivyochovywa kwenye rangi, sehemu iliyobaki ya mwili ya buluu iliyokolea. Anapanda juu ya jiwe, anajiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele mara tatu nne kama askari anayepiga pushapu, kisha anatulia kuota jua.

Watoto watatu waliofika usiku uliotangulia kwa basi la kutoka Dodoma wamechuchumaa nyuma ya nyumba ya bibi yao wakimwangalia. Hakuna aliyepiga mswaki.

“Ni Spider-Man,” ananong'ona mdogo wao, mwenye miaka sita.

Hajakosea sana. Mjusi huyo, ambaye wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, alipewa jina kutokana na Mwanza yenyewe, na kwa rangi zake amepata umaarufu mitandaoni kwa kufananishwa na shujaa huyo wa filamu. Wapo watalii wanaompiga picha kwenye mawe ya Serengeti baada ya safari ndefu ya ndege na gari. Hapa Mkuyuni anaota jua nyuma ya jiko.

“Mwangaluka,” bibi anawasalimu kwa Kisukuma akitoka na ndoo.

Watoto wanatazamana. “Shikamoo bibi,” anajibu mkubwa wao, msichana wa miaka 11.

“Marahaba. Lakini huku asubuhi mtu akikwambia mwangaluka, na wewe unamjibu mwangaluka. Haya, njooni mnawe. Msichote kwenye pipa la kushoto, hilo ni la jana jioni. Chukueni la kulia, la juzi.”

Kwa nini maji ya juzi na si ya jana? Jibu la swali hilo ni nusu ya yale ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kuleta watoto likizo kando ya Ziwa Victoria. Nusu nyingine ni matembezi yenyewe, ambayo Mwanza inayo tele na hayahitaji utajiri.

Mji uliokaa juu ya mawe

Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, kwenye barabara inayotoka mjini kwenda Butimba, Nyegezi na hatimaye Shinyanga. Mgeni anayeshuka kwenye stendi ya mabasi ya Nyegezi hana haja ya kufika mjini kwanza. Anapanda daladala inayoelekea huko na kushuka njiani. Upande mmoja wa barabara ni ziwa, upande wa pili vilima vya mawe vilivyojaa nyumba hadi juu. Jina la mahali lenyewe linataja mti, mkuyu, ambao matunda yake hugombaniwa na ndege, tumbili na popo.

Mwanza haina mlima wa theluji kama Kilimanjaro wala kreta kama Ngorongoro. Ina vilima vya mawe, na ndiyo maana huitwa Jiji la Miamba. Mawe hayo ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Yalipoa yakiwa chini kabisa ya ardhi, yakapasuka, maji yakapenya kwenye nyufa na kuyalainisha pembe, kisha mvua za enzi zikabeba udongo uliokuwa unayafunika. Kilichobaki ni mawe makubwa ya mviringo yaliyokaa moja juu ya jingine kama vile kuna mtu aliyeyapanga. Maarufu kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na katikati ya mji, lenye jina la kansela wa Ujerumani wa enzi za ukoloni.

Kwa mtoto, kilima cha namna hiyo ni uwanja wa michezo usio na kiingilio. Ila una masharti yake. Mawe yakilowa huteleza, hivyo hakuna kupanda baada ya mvua. Viatu viwe vya kufunga, si ndala. Mikono isiingizwe kwenye nyufa zisizoonekana ndani, kwa sababu nyoka hupenda kujificha humo. Na kilele hakifai wakati wingu jeusi linapojikusanya ziwani, maana ukanda huu una radi nyingi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu, na ndiyo rahisi zaidi kwa familia.

Bibi wa watoto hawa ameishi Mkuyuni zaidi ya miaka 30. Kutoka mlangoni kwake, maji yakiwa yametulia, anakiona Kisiwa cha Saanane. Hajawahi kuvuka.

“Nakiona kila siku nikianika dagaa,” anasema. “Nikajua ni cha wageni.”

Hayuko peke yake. Wapo wakazi wa Mwanza wanaozeeka wakikitazama kisiwa hicho kwa mbali, huku wakiota siku watakayopata nauli ya kwenda kuona wanyama kwingine. Safari hii binti yake amesema wataenda wote, na bibi atakuwa mbele.

Saanane, hifadhi iliyo ndani ya jiji

Boti za kwenda Saanane huondokea Capri Point, na safari ni ya dakika chache tu. Kutoka Mkuyuni ni daladala moja hadi mjini, kisha bajaji au mguu. Familia hii imebeba maji ya kunywa yaliyochemshwa, kofia, michembe, karanga na ndizi. Wamewahi asubuhi, na kwa sababu nzuri: mara nyingi upepo wa ziwani huongezeka kuelekea mchana na mawimbi nayo hukua.

Kisiwa hicho kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo zamani. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama, ya kwanza ya aina yake nchini, ili wananchi wapate kuwaona na kujifunza kuhusu wanyamapori. Kisiwa kilitumika pia kuwahifadhi kwa muda wanyama waliokuwa njiani kupelekwa Kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya Taifa. Eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18. Ndiyo hifadhi ya Taifa ndogo kuliko zote nchini, na imo ndani ya jiji.

Udogo huo ndio faida yake kwa wenye watoto. Hakuna gari kisiwani, hakuna kukaa kitini saa sita kumsubiri mnyama. Familia inatembea kwa miguu ikiwa na mwongozaji, inapumzika kwenye kivuli, inapanda mawe na kula chakula ilichobeba. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Mzazi aulize mapema njia ya malipo, kwa sababu hifadhi za Taifa hazipokei fedha mkononi kama duka la mtaani.

Gatini, mama wa watoto anagoma kupanda boti. Jaketi la kuokolea maisha alilopewa mtoto wa miaka sita linamfika magotini. Akianguka majini litapanda juu na kumwacha. Anaomba dogo. Linatafutwa, linaletwa, linafungwa mikanda yote mpaka chini. Watu wawili kwenye foleni wanaguna kwamba safari ni fupi. Mama hajibu.

Wanyama wa kwanza kuwapokea ni swala pala, waliozoea watu kiasi cha kuendelea kula majani hatua chache kutoka njiani. Mbele kidogo, juu ya jiwe pana, wamelala wanyama kama kumi wa rangi ya kahawia, wanene, wasio na mkia.

“Panya wakubwa!” anapiga kelele mvulana wa miaka tisa.

“Hao ni pimbi,” mwongozaji anamwambia. “Na panya si ndugu zao. Ndugu zao wa karibu ni tembo na nguva.”

Watoto wanadhani wanataniwa. Lakini ndivyo ilivyo. Ukiyatazama meno mawili ya mbele ya pimbi dume, yamechongoka kama pembe ndogo za ndovu, na hayaachi kukua. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, muda mrefu kwa mnyama wa ukubwa wa sungura. Nyayo zake ni laini na zenye unyevunyevu, ndiyo maana hushika jiwe lililosimama wima bila kuteleza. Asubuhi huota jua kwa sababu mwili wake haudhibiti joto vizuri kama wa wanyama wengine, na wakati wengine wamelala, mmoja hukaa macho kumchunga mwewe.

Kisiwani kuna pia tumbili, kobe, kenge, fisi maji na mamba, na ndege wa majini wasio na idadi: mnandi anayekausha mabawa, mdiria anayening'inia hewani kabla ya kujitupa majini, furukombe anayelia juu ya mti.

Tumbili mmoja ameshaiona ndizi mkononi mwa mvulana. Anashuka tawi moja, anashuka la pili. Mwongozaji anamwomba mtoto airudishe kwenye mfuko. Tumbili anayelishwa na watu hujifunza kunyang'anya, na anayenyang'anya ndiye anayeng'ata.

Mzazi ajue la kufanya hilo likitokea, kwa tumbili kisiwani au kwa mbwa mtaani. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo. Kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa uamuzi wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaanza kuonesha dalili, karibu kila mara huua. Chanjo ikitolewa kwa wakati, huzuia.

Bibi anapanda kilele polepole, akishikwa mkono na mjukuu wake mkubwa. Juu anakaa kwenye jiwe, anavua kanga ya kichwani na kujipepea. Chini yake ni Ghuba ya Mwanza, mbele ni ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ambalo Tanzania inagawana na Kenya na Uganda. Yeye hatazami huko. Ametazama kusini, anahesabu vilima.

“Pale,” anasema mwishowe. “Lile bati jekundu la jirani. Nyumba yangu ni ile ya nyuma yake.”

Ziwa la kutazama

Saa saba mchana boti inawarudisha. Jua linaunguza. Kwenye ufuko mmoja wa jirani watoto wa mtaani wanaruka kutoka kwenye jiwe na kutumbukia majini, wanacheka, wanapanda tena. Mvulana wa miaka tisa anasimama.

“Bibi, na mimi. Mara moja tu.”

“Hapana.”

“Mbona wao wanaoga?”

Bibi anakaa kwenye kivuli na kumvuta karibu. Anamsimulia habari za kaka yake, mvuvi, aliyekuwa hodari wa kupiga mbizi kuliko vijana wote wa rika lake. Alipofika miaka ya 30 tumbo lilianza kujaa. Miguu ikakonda, tumbo likakua. Ndugu walisema amerogwa, akapelekwa kwa mganga mmoja na mwingine. Usiku mmoja alitapika damu, nyingi, na kabla hakujapambazuka alikuwa amefariki.

“Hakurogwa na mtu,” bibi anasema. “Ilikuwa kichocho. Tulikuja kuelezwa yeye ameshazikwa.”

Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kawaida katika mwambao wa Ziwa Victoria. Kimelea chake hukua ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na magugu maji. Hutoka ndani ya konokono wakati wa mwanga, kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto hupenda kuogelea. Mtu hahitaji kunywa maji wala kuwa na jeraha. Kimelea hupenya kwenye ngozi nzima kwa dakika chache. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa nacho. Huko mbali na ziwa, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, kuna aina nyingine ya kichocho, ile inayoleta damu kwenye mkojo.

Mzunguko huo huanza na binadamu. Mgonjwa akijisaidia ufukweni au kinyesi kikisombwa na mvua hadi ziwani, mayai huanguliwa na kumtafuta konokono. Kwa hiyo choo kizuri juu ya kilima ni kinga kwa mtoto anayecheza chini.

Dalili kwa mtoto zinaweza kuchelewa au kuwa ndogo: kuwashwa ngozi baada ya kuingia majini, homa wiki chache baadaye, tumbo kuuma, kuharisha, damu kwenye choo, uchovu unaomfanya alale darasani. Asipotibiwa na akaendelea kuambukizwa kwa miaka, ini na bandama huathirika, maji hujaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula huweza kupasuka. Ndicho kilichompata mvuvi yule.

Habari njema ni kwamba kichocho kinatibika. Dawa ya prazikwanteli hutolewa hospitalini na pia katika kampeni za shuleni kwenye maeneo yenye ugonjwa. Lakini kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Mtoto aliyeingia ziwani wakati wa likizo akipewa dawa siku ya pili, anaweza kubaki na ugonjwa. Wakati mzuri wa kupima ni wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, na kwa familia ya Dodoma au Dar es Salaam hiyo maana yake ni kwamba wameshasahau safari. Mama aandike tarehe kwenye kalenda. Na akifika kwa daktari, aseme waziwazi kwamba mtoto alikuwa Mwanza na aligusa maji ya ziwa.

Hapo ndipo mapipa ya bibi yanapoeleweka. Bomba likikata, maji huchotwa ziwani. Kimelea kilichotoka kwa konokono kisipompata mtu hufa chenyewe, kwa hiyo maji yaliyokaa kwenye chombo kilichofunikwa kwa saa 24 au zaidi, bila konokono ndani, hayaambukizi tena kichocho kwa kuoga. Mwenye haraka ayachemshe. Kunywa ni jambo jingine: maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatibiwe hata yakikaa wiki, kwa ajili ya kuhara na kipindupindu.

Mvulana hakuoga. Alinuna hadi Igogo, kisha akalala kwenye daladala.

Bujora, ngoma na chatu

Siku ya pili safari ni ya upande wa pili wa jiji, Barabara ya Musoma, hadi Kisesa. Njiani wanapita Igoma, yalipo makaburi ya pamoja ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996. Bibi anawaonesha kwa kidole, hasemi mengi. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Msichana wa miaka 11 anamtazama mama yake, na pengine sasa ameelewa kwa nini jana foleni yote ilisubiri jaketi moja dogo.

Karibu na Kisesa ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada aliyeupenda utamaduni wa Wasukuma kiasi cha kuujengea nyumba. Banda la watemi lina umbo la kiti cha enzi. Ndani kuna ngoma za kila ukubwa, vyombo vya nyumbani, vifaa vya wahunzi na vya waganga. Watoto wanaruhusiwa kuuliza, na wanauliza.

Wanyama hapa wamo kwenye ngoma. Wasukuma walikuwa na vyama vya kucheza na kufanya kazi pamoja, na baadhi vilizaliwa na wanyama: Bayeye, mafundi wa nyoka na dawa zao, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Waganga wawili wa zamani, Gumha na Ngika, ndio wanaotajwa kuanzisha ushindani wa Bagalu na Bagika, unaoendelea hadi leo. Kila Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, ushindani huo hufikia kilele katika sherehe za Bulabo. Kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo linaloshinda, na hakuna kinachovuta watu kama mchezaji anayeingia uwanjani na chatu mabegani.

Familia yenye watoto isimame mbali kidogo. Chatu hana sumu, lakini anang'ata. Mtoto akimgusa nyoka, kobe au mjusi, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu wanyama hao huweza kubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuugua. Na mtu akiumwa na nyoka asiyejulikana, jeraha lisichanjwe, lisifungwe kamba wala kunyonywa. Mgonjwa avuliwe pete na bangili, mguu au mkono utulizwe usichezeshwe, awahishwe hospitali. Ujuzi wa Bayeye ni urithi wa kujivunia, ila dawa ya sumu ya nyoka iko hospitalini.

Wanaokuja Agosti nao wana kwao. Maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Nyamhongolo huwaleta ng'ombe, mbuzi, sungura, kuku na samaki wa kufugwa mahali pamoja, na mtoto wa mjini anaweza kumwona ng'ombe akikamuliwa kwa mara ya kwanza.

Kwa wenye siku zaidi

Familia yenye gari, au inayoweza kuchangiana na nyingine kukodi, ina Serengeti jirani kuliko wengi wanavyodhani. Lango la Ndabaka liko kwenye Barabara ya Musoma, takriban kilomita 140 kutoka Mwanza. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu huweza kupita ukanda huo wa magharibi, karibu na Mto Grumeti wenye mamba wakubwa na mbega kwenye miti yake. Watoto wadogo huchoka na gari, hivyo ni bora kuingia mapema na kutoka alasiri.

Kwa upande wa kusini, barabara inayopita Mkuyuni huendelea hadi Usagara, ambapo mkono wa kulia huenda Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Zamani hapo palikuwa pa kusubiri kivuko. Sasa safari ya Geita, na kutoka huko kwenda Rubondo, imekuwa fupi. Rubondo, hifadhi ya Taifa tangu 1977, ina sokwe ambao wazee wao walirudishwa Afrika kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Ni safari ya watoto wakubwa, kwa kuwa kutembea msituni kunahitaji subira na ukimya. Mwenye mafua au kikohozi asiende kwa sokwe. Ni ndugu zetu wa karibu mno, na mafua ya kwetu huweza kuwaua.

Kwa safari zote hizi, chandarua ni cha lazima usiku. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na mtoto wa Dodoma au Arusha hana kinga aliyonayo mwenzake aliyekulia hapa. Homa yoyote ndani ya safari au wiki chache baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo.

Jioni ya mwisho watoto wako tena nyuma ya nyumba. Mawe bado yana joto la mchana. Mjusi mwekundu ameshaingia kwenye ufa wake, na mdogo anataka kujua kama kesho atatoka kabla basi halijaondoka. Bibi anamwambia basi ni la alfajiri, mjusi ni wa jua.

Chini, taa za wavuvi wa dagaa zimeanza kuwaka ziwani, moja baada ya nyingine. Jirani anapita na kuwauliza walikuwa wapi siku mbili hizi. Bibi ananyoosha mkono kuelekea Saanane.

“Kule. Pale juu ya lile jiwe la mwisho nilikaa mimi.”

Maji ya bomba hayakutoka leo. Mvulana wa miaka tisa anamimina ndoo ya mwisho kwenye pipa la kulia, ambalo asubuhi liliisha, na kulifunika. Anachukua kipande cha chaki na kuandika juu ya mfuniko: tarehe, saa 12 jioni. Kisha, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya watakaokuja baada yake: BADO.